Betimes, na Mpeasi wa Bibi Yako

Naomi mwanangu,

Sikuulizi hali. Nakusikia hapo chumba cha pili ukigombana na zipu ya begi. Mama yako anakwambia ulikalie, wewe unamwambia, "Mama, litapasuka," naye anakujibu, "Likipasuka tutalifunga kamba, kwani linakwenda harusini?" Kwa hiyo najua u mzima. Mgonjwa ni begi.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutafuta kanisa kabla hujatafuta saluni, mama yako amekwisha kuyasema, na kesho stendi atayarudia mpaka dereva apige honi. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuandikia juu ya neno moja la Kiingereza. Usicheke. Najua wewe ndiye unayekwenda Katavi kufundisha Kiingereza, na mimi nililoambulia shuleni ni darasa la saba na kovu la goti. Lakini neno hili ni langu. Ulilisikia kwangu kabla hujajua kwamba Waingereza nao wanalo.

Betimes.

Hapa nyumbani tunalitamka bitaimsi, na kijiji kizima kinajua kwamba Elia akisema bitaimsi maana yake twende, tusichelewe. Hujui nililipataje. Tena hujui, na mimi mwenyewe nimelijua hivi karibuni, kwamba nilikufundisha nusu yake tu. Nusu hiyo ndiyo iliyoangusha mpeasi wa bibi yako, na ndiyo inayokufanya kesho uondoke hapa hamjasemezana.

Nyumba yake unaiona ukianika nguo. Tangu mti ule wa mapeasi ulale, ukikutana naye njiani unampa shikamoo kama ulivyolelewa, naye anakuitikia marahaba kama alivyolelewa, na baada ya marahaba hiyo hakuna kitu. Nimesikia marahaba nyingi maishani. Hiyo ya mama yangu inafunga mlango na kuweka komeo.

Ngoja kwanza nianzie mbali. Utanisamehe, mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui kuanzia karibu.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya wageni, kule juu mlimani, upande wa kwenda Mlalo. Asubuhi nilikuwa wa maua, jioni nilikuwa wa moto. Unajua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba: mgeni anatoka nchi ya theluji, anafika hapa anatetemeka kuliko sisi. Kwa hiyo kila jioni nilitakiwa niwashe moto sebuleni, na kuni zenyewe zilikuwa za mkaratusi mbichi, zilizolowa ukungu. Mwenye nyumba, Mama Hilda, alikuwa mtu mwema asiyependa kitu kipotee bure. Akanifungulia kabati.

"Elia, hivi vitabu vya wazee vimeshaliwa na panya. Washia moto."

"Vyote, mama?"

"Kwani unataka kuvisoma?"

Sikutaka kuvisoma. Nilitaka kuwasha moto. Akanielekeza nichane kuanzia nyuma, na majalada niyabandue niyatupe, nisiyatie motoni kabisa, maana gundi yake inawakohoza wageni. Mtu aliyenitangulia katika kazi hiyo alikuwa amevichana vilevile kuanzia mbele. Sasa pata picha: kabati zima la vitabu visivyo na kichwa wala miguu, viwiliwili vitupu. Hadi leo sijui jina la kitabu hata kimoja nilichokisoma kule, wala aliyekiandika. Watu wakiniuliza nimesoma vitabu gani, nasema nimesoma katikati.

Nilianza kusoma kwa sababu ya moto wenyewe. Kuni mbichi zinataka kupulizwa na kungojewa. Unapiga magoti, unapuliza, unangoja, na karatasi ipo mkononi. Macho hayana kazi. Nikaanza kusoma ile karatasi kabla ya kuitia, kisha nikaanza kuona uchungu kuitia, kisha nikaanza kuja na maganda ya mahindi kutoka nyumbani ili niwashie hayo. Mama Hilda alisema nimekuwa fundi wa moto.

Palikuwa na kamusi pia, ya Kiingereza kwa Kiswahili. Aliyenitangulia alikuwa ameichoma herufi mbili za kwanza zote. Kamusi yangu ilianzia kwenye neno la Kiingereza la kabichi. Nikaona, hii ni kamusi ya kwetu kabisa. Lakini neno lolote lililoanza kwa herufi ya pili lilikuwa limekwenda na moshi, na humo ndimo ilimokuwa betimes.

Mara ya kwanza nilikutana nalo kwa mtu mmoja mwenye kesi mjini. Kitabu kilisema aliamka betimes, akatandika farasi, akaenda. Mtu mwenye kesi! Nikasema, maana yake ni kwa hasira. Nikaridhika, nikaendelea.

Mara ya pili lilikuwa kwa mjane aliyekuwa na nyumba ya kupangisha. Askari wameingia mjini, na yeye akafunga milango betimes. Hasira tena? Nikasema hapana, mjane yule alikuwa mpole, kurasa tatu nzima alikuwa akilisha paka. Basi maana yake ni kwa komeo.

Mara ya tatu ni mhubiri, anawaambia watu watubu betimes. Nikasema, kwa machozi.

Hapo nikaanza kulitilia shaka. Neno linaloweza kuwa hasira, komeo na machozi ama ni neno kubwa mno, ama mimi ni mjinga. Nikalitega. Kila nilipolikuta niliweka kipande cha ganda la hindi kwenye ukurasa, na vitabu vile vikaanza kuota majani.

Aliyenifungulia hakuwa mwalimu, alikuwa mtunza bustani mwenzangu. Katika kitabu kimojawapo tajiri mmoja alimwagiza mtu wake wa bustani apogoe miti ya matunda betimes, kabla utomvu haujaanza kupanda. Siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshinda nikipogoa miti ya Mama Hilda, na mkasi bado ulikuwa mfukoni. Nilipiga goti palepale mbele ya moto, nikacheka mpaka mgeni mmoja akauliza kama niko salama. Mapema! Kabla haijawa kuchelewa! Mwenye kesi aliamka mapema. Mjane alifunga mapema. Watu watubu mapema. Hasira, komeo na machozi nilivipeleka mimi.

Miaka ilipita kabla sijathibitisha. Kijana mmoja mgeni, mwenye simu kubwa na Kiswahili kidogo, aliniona nasoma akataka kuona. Nikamwonyesha neno langu.

"Hili umelitoa wapi?" akauliza. "Bibi yangu hasemi hivi. Labda bibi wa bibi yangu."

"Lakini ni lenu."

"Lilikuwa letu."

Akauliza simu, simu ikasema ni neno la kale, maana yake mapema, kwa wakati wake. Ikaongeza kwamba kwa watu wa upande fulani wa visiwa vyao limekuja kuwa na maana ya mara kwa mara. Yule kijana alishangaa kuliko mimi. Nilimwona anajaribu kulitamka kimoyomoyo, kama mtu aliyeambiwa kwamba lile shamba linalolimwa na jirani ni la babu yake.

Sasa nikwambie nilichokiona, maana wewe utalipwa mshahara kwa ajili ya lugha hii na mimi nililipwa kwa ajili ya waridi. Neno betimes lina marafiki wachache. Linapenda kuamka, kuondoka, kutubu, kupogoa, kuonya, kuozesha mabinti. Sijakuta hata mara moja mtu aliyecheka betimes, wala aliyekula. Halafu, ni nadra mtu kulisema juu ya nafsi yake wakati anafanya jambo lenyewe. Linasemwa na mwandishi, au na mzee anayemwambia kijana, au na mhubiri. Wenye kuchelewa ndio wanaolijua vizuri zaidi.

Na jambo la tatu, ambalo lilinichukua muda kuliona. Mtu kitabuni akionywa afanye jambo betimes, kisha akalifanya, hutamwona tena. Yule mjane alifunga milango, askari wakapita, na mwandishi akamwacha na paka wake akaenda kumfuata jirani ambaye hakufunga. Kurasa sabini za jirani! Nikaelewa kwamba vitabu hivi vinalishwa na kuchelewa. Mwandishi anaweka neno hilo mapema ili msomaji ajue kuna mlango ulikuwa wazi, halafu kazi yake yote ni kukuonyesha mtu akiupita mlango huo akitazama pembeni. Toka siku hiyo kila nikilikuta nilikuwa nasema, ole wako uliyeambiwa.

Nikaamua kwamba mimi na watoto wangu tutaishi maisha yasiyofaa kuandikwa.

Mama yako ndiye aliyenisukuma. Nilikuwa namwandikia barua ndefu, kila barua ina neno gumu. Siku moja nilimkuta sokoni Lushoto na tenga lake la karoti, nikamwuliza kama ameipata ya mwisho.

"Nimeipata," akasema. "Nzuri. Nimemsomea na mama."

"Akasemaje?"

"Amesema unaandika vizuri. Kuna mwenzio hajui kuandika, jana kaleta wazee wake nyumbani."

"Wazee? Wamefuata nini?"

"Elia, wewe soma vitabu tu. Wazee wa mwanamume wakija kwa watu na nguo za Jumapili siku ya Jumatano wanafuata nini?"

Siku hiyohiyo niliwafuata wajomba zangu mashambani, mmoja nikamtoa kwenye viazi na tope miguuni. Wajomba wakauliza haraka ya nini. Nikawaambia bitaimsi. Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutoka mdomoni mwangu mbele za watu, na mjomba aliyekuwa na tope alidhani ni jina la kijiji cha mchumba. Mengine unayajua, maana upo.

Tangu hapo sikusimama. Nililifanya neno lile kuwa saa ya nyumba. Ukilia hutaki kuamka, bitaimsi. Koliflawa inaanza kufunguka, bitaimsi, ikate, wiki ijayo itakuwa maua ya kupeleka madhabahuni, siyo mboga. Mara moja niliikata ikiwa kama ngumi ya mtoto kwa kuogopa kuchelewa, dalali wa Mombo akaigeuzageuza akasema, "Mzee, hii uliitoa kliniki?" Watu wa gari zima walicheka. Nilipaswa kujifunza pale, lakini nilijiambia dalali yule hasomi.

Wewe ulikuwa mwanafunzi wangu bora. Kaka zako walilisikia neno wakaligeuza utani. Wewe uliliamini. Ulikuwa unamaliza kazi za shule kabla hazijatolewa. Ulikuwa unatoa nguo kwenye kamba wingu likiwa bado liko Mombo. Nilikuangalia na kusema moyoni, huyu hakuna mwandishi atakayempata.

Basi tufike kwenye mpeasi.

Bibi yako alikuwa ameshuka Mnazi kwa shangazi yako aliyejifungua. Wewe ulikuwa nyumbani unangoja barua yako ya ajira, umekwisha kupanga vitabu kwa urefu na ukakosa kazi. Ukapita kwa bibi kumlishia kuku, ukaona mti umeinama kuliko mwaka jana. Ulinikuta kwenye karoti.

"Baba, masika ikija na upepo, mpeasi ule utalala juu ya jiko, na bibi yumo ndani."

"Ni kweli."

"Basi nimwite Yona aje na chenso yake ya kukatia miti. Leo yuko huru."

Hapo palikuwa na mambo kadhaa ya kusema. Ningeweza kusema, bibi anarudi Jumamosi. Ningeweza kusema, twende tukaufunge kamba kwanza. Nilisema, "Bitaimsi, mwanangu," nikainama tena kwenye karoti zangu, nimefurahi kama mtu aliyesikia wimbo alioutunga unaimbwa kwenye redio.

Jumamosi bibi yako alishuka kwenye gari akiwa na kikapu cha maembe ya kule bondeni. Tulikuwa tumemsubiri sote barazani kwake, unakumbuka, uani pamefagiwa, kuni zimepangwa vizuri. Akasimama. Hakutazama kuni. Alitazama juu.

"Mbona kuna mwanga hivi?"

"Shikamoo bibi," ukasema. "Ni ule mti. Ungekuangukia."

"Marahaba. Nimeuliza mwanga."

Mimi nikaingilia kati, nikasema ulikuwa umeinama, mvua iko karibu. Akaweka kikapu chini taratibu.

"Nani kawaambia mimi nilikataa usikatwe? Mlinisikia wapi? Nimeanza kuuona unainama wewe Elia ukiwa huna ndevu. Babu yao aliubeba kichwani kutoka Mlalo, una urefu wa mwiko, akanyeshewa njia nzima. Hamkuweza kunisubiri siku nne nikauaga?"

Na wewe ukasema, "Bibi, mvua haingoji watu waagane."

Nikuambie ukweli, mwanangu. Ilikuwa sentensi nzuri. Ndiyo ubaya wake. Niliisikia nikaipima kama mtu anayesoma, nikaona imekaa vizuri, na wakati mimi naipima mama yangu alikuwa anaingia ndani na kikapu chake. Maembe yale hatukuyaonja.

Baada ya hapo upepo ulikuja kweli. Uliezua mabati ya majirani, ukalaza migomba yote ya bondeni. Nilikuona umesimama mlangoni siku ile, unatazama kule juu kwa bibi, na jiko lake limesimama salama. Ulikuwa unangoja aje aseme ulikuwa sahihi. Mama yako alikushauri umwendee, ukajibu, "Mama, nikaombe radhi kwa kumwokoa?" Mama yako akaniangalia mimi. Hana muda na vitabu, lakini anajua kitu kimetoka duka gani.

Sasa nisikilize. Sikuandikii nikwambie kwamba ulikosea kukata. Mti ungeanguka, mtu yeyote mwenye macho alijua, bibi akiwa wa kwanza. Nakuandikia kwa sababu wiki mbili zilizopita nilitoa vitabu vyangu kwenye debe, vile nilivyoviokoa, nikatafuta maganda ya mahindi. Mengi yamekuwa vumbi. Nilikuwa natafuta kitabu kimoja.

Humo mna msimamizi wa mali ya bwana mmoja aliyesafiri. Vita vinakuja. Msimamizi anaona kwamba majeshi yatapita na kuchukua farasi wote bila kulipa, basi anawauza betimes, wote, pamoja na farasi mzee wa bwana asiyeweza hata kubeba mtu. Niliposoma mara ya kwanza nilimpenda sana mtu huyu. Niliweka maganda mawili. Sasa nimesoma tena na nimeona nilichokiruka. Kabla ya kuuza, msimamizi anasimama zizini na yule farasi mzee anakuja kumnusa mfuko, kutafuta tufaha. Mwandishi ametumia ukurasa mzima hapo. Mimi wakati ule niliupita mbio kumfuata mnunuzi.

Bwana anarudi. Anashuka garini. Anakwenda moja kwa moja zizini, na mkononi ana tufaha. Msimamizi anamfuata nyuma akiwa na maelezo yake yote, na maelezo ni sahihi, kila neno. Bwana anageuka. Kitabu kinaishia hapo, kwa sababu kurasa zilizofuata nilizitia motoni mimi mwenyewe, jioni ya baridi, kabla sijajua kusoma vizuri.

Nimekaa na mtu yule aliyegeuka siku nyingi. Sijui alisema nini. Sijui kama msimamizi alinyamaza au alileta sentensi nzuri. Lakini nimerudi kwenye kurasa nyingine zote nilizoweka alama, na naona kitu kimoja ambacho kamusi haikuwa nacho hata kama ingekuwa nzima. Miti inapogolewa betimes, siyo siku yoyote ya mapema. Ukipogoa mapema mno, baridi inaua jicho, pale tawi linapochipukia. Neno lile halikuwa la kukimbia. Ndani yake mna jambo na saa yake, na saa ya mpeasi ilikuwa na bibi yako ndani. Kumsubiri arudi ilikuwa bado mapema. Masika ilikuja lini? Bibi alikuwa ameshamaliza hata zile kuni za mti wenyewe. Mimi nilikuuzia haraka nikaiita bitaimsi, kama ile koliflawa ya kliniki.

Nilitaka kukuambia haya kwa mdomo. Nimejaribu. Juzi nilikufuata bandani ukaniuliza, "Baba unataka nini?" nikasema nyundo. Bado ninayo.

Leo asubuhi nilipanda kwa mama. Tukasalimiana kwa Kishambaa chetu, akanipa kigoda. Alikuwa na chungu jikoni. Akauliza bila kugeuka:

"Gari la kesho linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri, mama."

"Alfajiri ya Mungu au ya dereva?"

"Ya dereva."

"Basi ni usiku." Akakoroga. "Huko anakokwenda kuna mapeasi?"

"Sidhani. Wanasema kuna joto."

"Ndiyo. Sasa atakula nini."

Halikuwa swali. Kisha nikasema, "Nimwite aje?"

"Nani kakutuma umwite mtu? Mtu huitwa kwao?"

Nikachungulia chungu. Makande. Maharage yalikuwa mengi, na chungu kilikuwa kile kikubwa ambacho hakijashuka rafuni tangu msiba wa baba. Nikauliza kama ana wageni.

"Nimekosea kipimo."

Naomi, mama yangu hajakosea kipimo cha maharage tangu nimjue. Alitulea watoto sita kwa kipimo kile. Nikanyoosha mkono nichukue bakuli, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Wewe kwako hakupikwi?"

Nikarudi nyumbani. Nikachukua karatasi.

Barua za namna hii huwekwa chini ya nguo, mtu azikute akishafika mbali, afungue begi, akae kitandani kwenye chumba kisichomjua, asome, alie. Nilikusudia hivyohivyo. Nilikuwa nimeshaona hata mahali pa kuiweka, ndani ya kile kitenge cha mama yako. Ungeisoma huko Mpanda. Ungesema, kumbe. Ungepiga simu, na bibi yako hapendi simu, anaishika mbali na sikio kama inaunguza. Ungekuwa mtu wa kitabuni kabisa, na mimi ningekuwa mwandishi.

Kwa hiyo nakatisha. Kulikuwa na kurasa nyingine za busara, kuhusu wakuu wa shule, kuhusu wanaume, kuhusu watoto watakaokuambia wameelewa. Zitakukuta huko, hazina saa. Naangalia dirishani: mvua imekatika, jua bado lipo, ukungu haujashuka. Nakuletea hii sasa hivi, mkononi, na wino unachafua kidole.

Panda kwa bibi sasa. Usiombe radhi kama hutaki, wala usimweleze habari za upepo, aliuona. Muulize tu jinsi babu yako alivyoubeba mti ule kutoka Mlalo kwenye mvua. Halafu nyamaza, hata ukiwa na sentensi.

Begi liache kama lilivyo, mama yako atalikalia. Nenda na sweta. Kula pale karibu na moto, na ule kabla makande hayajapoa, maana jiko lile siku hizi linapigwa na upepo. Kilichokuwa kikilikinga ni mti.

Ni mimi baba yako,
Elia